UZI: Kusukuma mafuta yaliyogoma ardhini kwa polima, magadi na safaktanti. Hesabu zake na pale zinapoharibika

#1 Mnato_Mzito

Wakuu, bomba la EACOP, lile la mafuta ghafi kutoka Uganda mpaka Chongoleani, Tanga, likitajwa humu ubishi huwa ni kilomita 1,443, fidia, na Chongoleani itapata nini. Kuna namba moja inapitwa. Bonde la Ziwa Albert kule Uganda lina takriban mapipa bilioni 6.5 ndani ya mwamba, na yanayotegemewa kutoka ni kama bilioni 1.4. Katika kila mapipa mia, 78 hivi yanabaki chini.

Uganda hawana mkosi wowote. Presha ya asili peke yake hutoa kati ya asilimia 5 na 15 ya mafuta. Ukisukuma maji kutoka visima vya pembeni unaweza kufika 30 au 40 kama mafuta ni mepesi, na chini ya hapo yakiwa mazito. Yanayobaki yana sababu mbili tofauti, na watu wanazichanganya sana.

Kwanza, maji yana mnato mdogo kuliko mafuta, yanatiririka kirahisi zaidi. Yanatafuta njia ya mkato, yanafika kisima cha uzalishaji mapema, na sehemu kubwa ya mwamba haiguswi kabisa. Dawa yake ni polima, kemikali ya minyororo mirefu inayoyafanya maji yawe mazito kama uji mwepesi.

Pili, hata pale maji yalipopita, matone ya mafuta yamenaswa kwenye vinyweleo vya mwamba kwa nguvu ya kapilari. Dawa yake ni safaktanti, kemikali ya jamii ya sabuni inayoshusha mvutano kati ya mafuta na maji mpaka tone liweze kujinyoosha na kupenya. Alkali, hasa sodiamu kaboneti, ni msaidizi: inapunguza safaktanti inayopotelea mwambani, na mafuta yakiwa na asidi ya kutosha inatengeneza sabuni humohumo ardhini.

Msimamo wangu naweka mezani mapema ili mnipige mawe vizuri: kwa mafuta ya aina ile, anza na polima. Safaktanti ibaki maabara mpaka hesabu ya upotevu mwambani ikubali. Na kabla ya kemikali yoyote, shughulikia maji, maana miradi mingi ya namna hii hufa juu ya ardhi kabla kemikali haijafika chini.

---

#2 Mbishi_wa_Kijiweni

Mkuu, swali la mtu wa kawaida. Kwa nini wasiongeze presha ya maji tu? Pampu kubwa zipo. Kemikali za nini?

---

#3 Mnato_Mzito

Swali zuri, na jibu lake ni la namba.

Nguvu inayolisukuma tone dhidi ya nguvu inayolishika hupimwa kwa namba ya kapilari: mnato wa kisukumaji mara mwendo wake, gawanya kwa mvutano wa mpaka. Chukua maji yenye mnato wa sentipoazi 0.5, mwendo wa sentimita 30 kwa siku, mvutano wa milinyutoni 25 kwa mita. Unapata kama 7 mara 10 kipeo cha -8. Matone huanza kuachia karibu na 10 kipeo cha -4. Pengo ni zaidi ya mara elfu moja.

Uongeze mwendo mara elfu? Mwamba utapasuka muda mrefu kabla ya hapo, na maji yatapita kwenye ufa moja kwa moja mpaka kisima cha pili. Umeshajenga barabara ya maji, mafuta umeyaacha pembeni.

Polima ya sentipoazi 20 inapandisha namba hiyo mara 40. Bado haitoshi kuyatoa matone yaliyonaswa, na ndiyo maana polima haiuzwi kwa kazi hiyo. Kazi yake ni kufikisha kisukumaji kule ambako hakijafika. Safaktanti nzuri inashusha mvutano kutoka 25 mpaka 0.003 hivi. Hiyo ni kama mara elfu nane kwa mpigo mmoja.

---

#4 Binti_wa_Mlimani

Kaka, naomba mfano wa hesabu ya upande wa polima. Darasani tunaambiwa "uwiano wa mwendo uwe chini ya moja" halafu basi.

---

#5 Mnato_Mzito

Dada, twende. Uwiano wa mwendo ni urahisi wa maji kupita mwambani ukigawanya kwa urahisi wa mafuta kupita. Mafuta yana sentipoazi 60 chini ardhini, maji 0.5. Upenyezaji linganifu (jinsi mwamba unavyokiruhusu kimiminika kimoja kupita kikiwa pamoja na kingine) wa maji pale mafuta yamebaki mabaki tu ni 0.3, wa mafuta mwanzoni ni 0.9.

Upande wa maji: 0.3 ÷ 0.5 = 0.6
Upande wa mafuta: 0.9 ÷ 60 = 0.015
Uwiano: 0.6 ÷ 0.015 = 40

Kwa 40 maji yanatoboa vidole ndani ya mafuta. Ukiyafanya maji yawe na sentipoazi 20, upande wa maji unakuwa 0.015 na uwiano unashuka hadi 1. Hiyo 20 lazima iwe mnato ndani ya mwamba, kwenye joto la huko na mwendo wa huko, baada ya polima kuumia njiani. Ukitaka 20 chini usipange 20 kwenye tangi. Panga 28 au 30.

Na usiibebe hiyo "chini ya moja" kama msahafu. Pelican Lake kule Alberta, Kanada, wana mafuta ya sentipoazi elfu na zaidi. Polima waliyotumia haikukaribia kuufikisha uwiano kwenye moja, na bado ililipa, kwa sababu walikuwa na visima vya mlalo vinavyopokea kimiminika kizito bila kupandisha presha kupita kiasi.

---

#6 Mkemia_Ubungo

Naongezea upande wa polima yenyewe. Karibu miradi yote inatumia HPAM, poliakrilamaidi iliyohidrolaiziwa kiasi. Ni unga mweupe, minyororo mirefu mno, uzito wa molekuli kwa kawaida milioni 8 hadi zaidi ya 20. Urefu huo ndio unaoleta mnato, na ndio udhaifu wake. Mnyororo mrefu hukatika kirahisi.

Maadui wake ni wanne.

Chumvi. Sodiamu inausinyaza mnyororo. Kalsiamu na magnesiamu zinausinyaza zaidi. Kilo moja ya unga kwenye maji laini inakupa mnato ambao kwenye maji ya bahari utahitaji kilo kadhaa. Hapa mradi wa kando ya ziwa la maji baridi una bahati kuliko ule wa baharini. Daqing kule Uchina, ambako polima inatumika kwa kiwango cha kiwanda tangu 1996, maji ya mwamba yana chumvi kidogo na joto ni kama nyuzi 45 tu, na polima iliongeza takriban asilimia 10 hadi 12 ya mafuta yote yaliyokuwamo.

Joto. Ukipita nyuzi 70 hivi, HPAM inaendelea kuhidrolaizi yenyewe, na kama kuna kalsiamu ya kutosha inaganda na kudondoka. Kwa joto kubwa kuna aina zilizochanganywa na ATBS, kiungo kinachoistahimilisha polima. Bei inapanda.

Oksijeni ikikutana na chuma. Hii nitaiachia Fundi.

Mikato, yaani kupitishwa kwa nguvu sehemu nyembamba. Hii pia ya Fundi.

---

#7 Fundi_Pampu

Nimeitwa, nipo.

Kuchanganya. Unga wa HPAM ukiumwaga hovyo kwenye maji unafanya madonge kama ya uji uliokorogwa vibaya: nje limeloa, ndani unga mkavu. Donge hilo halitayeyuka tena. Linaenda kuziba uso wa mwamba kisimani. Kwa hiyo unga upite kwenye kifaa kinacholowesha kila chembe peke yake, halafu uingie tangi la kuiva. Tengeneza mchanganyiko mama wa ppm (sehemu kwa milioni) 5,000 hadi 10,000, uuache uive saa moja mpaka mbili kwa pangaboi la polepole, ndipo uzimue.

Mfano: unataka kusukuma mita za ujazo 100 kwa siku kwa ppm 1,500. Hizo ni kilo 150 za polima, mifuko sita ya kilo 25. Mchanganyiko mama wa ppm 10,000 utakuwa mita za ujazo 15, na maji ya kuzimulia 85. Kumbuka unga una unyevu, polima halisi ni kama asilimia 90, kwa hiyo andaa mifuko saba uwe salama.

Pampu. Sentrifugo ni marufuku kuanzia mchanganyiko mama na kuendelea. Maji yake ya kuzimulia sawa, hayana polima. Mchanganyiko mama uhamishwe kwa pampu ya skrubu, na presha ya kisima itoke kwenye pampu ya pistoni.

Vali. Kosa la kawaida ni kuwa na pampu moja kubwa inayolisha visima vitano, halafu kila kisima kinapunguziwa mtiririko kwa choki. Choki ileile inayofaa kwa maji inakata minyororo ya polima. Suluhisho ni mawili: kila kisima na pampu yake, yenye mota ya kubadilisha mwendo; au choki maalumu inayopunguza presha taratibu kupitia bomba refu lililojikunja. La kwanza ni ghali siku ya kununua. La pili halikusamehi ukikosea kipimo.

Oksijeni. Chuma kilichoyeyuka majini, kile cha chaji mbili (Fe²⁺), hakina shida kubwa kama hakuna oksijeni. Oksijeni nayo kwenye maji yasiyo na chuma inavumilika kwa joto la chini. Vikikutana, vinazalisha radikali huru zinazokata polima kwa dakika. Lengo ni oksijeni chini ya sehemu 10 hadi 20 kwa bilioni. Funika matangi yote kwa naitrojeni, kuanzia silo ya unga mpaka tangi la mwisho. Halafu tafuta pampu inayovuta hewa kwenye sili. Naitrojeni nzuri juu ya tangi haisaidii kitu kama upande wa kufyonza una ufa.

Wapo wanaomwaga dawa ya kula oksijeni, sodiamu bisalfaiti, wakajiona wamemaliza. Angalia: kama hewa itaingia tena baada ya hapo, mabaki ya dawa pamoja na oksijeni mpya yanazalisha radikali zilezile. Dawa hii ni msaada kwenye mfumo uliozibwa. Kwenye mfumo unaovuja ni kuni kwenye moto.

Sakafu. HPAM ikimwagika ikaguswa na maji, sakafu inateleza vibaya kuliko mafuta. Usiimwagie maji. Ifagie kavu, nyunyiza mchanga. Na vaa barakoa ya vumbi unapofungua mifuko.

---

#8 Posta_Hesabu

Mpaka hapa hamjagusa pesa. Nipeni mfano mmoja mdogo tuone kama inalipa.

---

#9 Mnato_Mzito

Chukua mraba wa mita 200 kwa 200, visima vinne pembeni na kimoja katikati, unene wa mwamba mita 10, uwazi wa vinyweleo asilimia 25. Ujazo wa vinyweleo ni mita za ujazo 100,000.

Polima: nusu ya ujazo huo, yaani 50,000, kwa ppm 1,500 = tani 75.
Muda: kwa mita za ujazo 100 kwa siku, siku 500.
Mafuta: mwanzoni yalijaza asilimia 75, sawa na mita za ujazo 75,000. Ukipata asilimia 10 ya ziada ni 7,500, mara 6.29 ni mapipa 47,000 na kidogo. Gesi iliyoyeyuka ikitoka na mafuta kusinyaa, sema 43,000.

Kilo 75,000 kwa mapipa 43,000 ni kilo 1.7 kwa pipa. Ukikadiria dola 3 kwa kilo ya unga uliofika eneo la kazi, ni kama dola 5 kwa pipa la ziada. Bado mitambo, umeme, kutibu maji yanayorudi, na riba ya pesa yako, maana polima unainunua leo na mafuta yanakuja mwaka kesho au keshokutwa.

---

#10 Posta_Hesabu

Hiyo ya mwisho ndiyo yenyewe mkuu. Watu wanaangalia dola 5 wanashangilia. Mafuta ya ziada yakichelewa miaka miwili kwa riba ya asilimia 12, kila dola uliyoweka imeshakuwa 1.25. Na asilimia 10 ikigeuka kuwa 4, gharama ya unga peke yake inafika kama dola 13 kwa pipa. Hesabu hii ni nyepesi kwa upande wa kilo na nyeti kwa upande wa mapipa. Wekeni pesa kwenye kupima mwamba, msibanane kwenye bei ya unga.

---

#11 Kisima_Kirefu

Naunga mkono #10. Hatua moja inarukwa sana: kabla ya polima, pitisha kitiririshi kati ya visima. Unaweka alama ya kemikali kwenye maji upande huu, unapima inafika lini upande ule. Kama imefika siku ya tatu kwa umbali wa mita 200, una ufa au tabaka la mchanga mlegevu linalokunywa kila kitu. Polima itafuata njia hiyohiyo. Ziba kwanza kwa jeli, ndiyo ufikirie mengine.

Halafu kipimo cha presha kwa ngazi: ongeza mtiririko hatua kwa hatua, chora presha, uone inavunjika wapi. Hapo ndipo mwamba unapasuka. Polima ikishaanza, chora kila siku jumla ya presha dhidi ya jumla ya ujazo ulioingia. Mstari ukiinama juu ghafla, kisima kinaziba, angalia madonge na uchafu. Ukiinama chini ghafla, umepasua.

---

#12 Binti_wa_Mlimani

Kwa mtu wa maabara asiye na vifaa vya kifahari, polima inaandaliwaje ipimike vizuri? Na maji ya bomba yanafaa?

---

#13 Mkemia_Ubungo

Maji ya bomba hayafai, dada. Maji ya DAWASA yana klorini, na klorini inakata HPAM. Utapima leo 18, kesho 11, utailaumu polima bure. Tumia maji yaliyosafishwa, kisha weka chumvi mwenyewe kwa mizani ili ifanane na maji ya kusukumia.

Utaratibu wa mchanganyiko mama wa ppm 5,000, gramu 500:

Pima maji ya chumvi gramu 497 kwenye bika ya lita moja. Yakoroge mpaka kishimo cha katikati kifike robo tatu ya kina. Nyunyiza unga gramu 2.8 (hapo umeshafidia unyevu wa asilimia 10) kwenye bega la kishimo ndani ya sekunde 30. Ukimwaga katikati, madonge. Ukichelewa, maji yameshakuwa mazito na unga wa mwisho haulowi. Punguza mwendo mpaka mizunguko 60 hadi 80 kwa dakika, saa mbili au tatu, funika, acha usiku kucha. Kupata ppm 1,500: gramu 300 za mama, gramu 700 za maji ya chumvi, koroga polepole. Blenda ya jikoni usiiguse kabisa, isipokuwa unataka kujifunza polima iliyokufa inafananaje.

Mnato upime kwa joto la mwamba, mwendo wa mkato 7.3 kwa sekunde. Kwenye kipima mnato cha Brookfield chenye kifaa cha UL hiyo ni mizunguko 6 kwa dakika. Usiripoti namba moja bila kutaja mwendo wa mkato, haina maana, kwa sababu mnato wa polima unashuka kadiri inavyokatwa haraka.

Kisha kipimo cha chujio: kichujio cha maikroni 1.2, presha isiyobadilika ya baa 1 hadi 2. Linganisha muda wa mililita 100 za mwishoni na 100 za mwanzoni. Uwiano ukizidi 1.2, kuna madonge au uchafu, usipeleke kisimani.

Sampuli ya kutoka kisimani nayo ina mtego. Ukifungua vali ndogo ya sindano chini ya presha kubwa, polima inakatika palepale kwenye vali, na hewa inaingia. Unapima 9, unadhani mtambo umeharibika, kumbe umeiharibu wewe kwenye chupa. Tumia silinda ya chuma cha pua: pitisha mtiririko ndani yake kwa muda, funga pande zote mbili, halafu toa presha taratibu sana.

---

#14 Mbishi_wa_Kijiweni

Magadi ndiyo sodiamu kaboneti, si ndiyo? Tena Kenya wanayachimba Ziwa Magadi zaidi ya miaka mia, na sisi tuna Natron. Kwa nini tusiyatumie hayahaya ya Kariakoo?

---

#15 Mkemia_Ubungo

Jamaa, umepatia na umekosea. Magadi ghafi ni trona: sodiamu kaboneti na bikaboneti zimeungana pamoja na maji, na mara nyingi kuna mchanga na floraidi. Bikaboneti inashusha pH, na kazi ya alkali hapa inataka pH ya 10.5 hadi 11. Yakichomwa kiwandani bikaboneti inageuka kaboneti, hapo ndipo unapata soda ya kiwandani inayofaa. Ya kulainishia maharage tuyaache jikoni.

Faida za kuwa nayo karibu ni za kweli, maana alkali inatumika kwa wingi: kama asilimia 1 ya kila mita ya ujazo, yaani kilo 10. Lakini alkali ikikutana na kalsiamu inadondosha chokaa. Maji lazima yalainishwe kwanza kwa mtambo wa rezini, karibu mpaka kalsiamu iishe. Na mwamba wenyewe ukiwa na jasi, sahau alkali, itaisha yote kupambana na jasi.

Daqing walijaribu pia mchanganyiko wa alkali, safaktanti na polima. Mafuta yaliongezeka takriban asilimia 20, karibu maradufu ya polima peke yake. Lakini soda kali waliyotumia (sodiamu haidroksaidi, siyo magadi) iliyeyusha silika ya mwamba, ikaja kuganda kwenye pampu za visima vya uzalishaji. Pampu zikakwama tena na tena.

---

#16 Ruvu_Chini

Mimi niko tofauti na mwanzisha uzi. Asilimia 20 dhidi ya 10, kwa nini tuanze na polima? Weka safaktanti asilimia 0.5, ujazo wa 0.3 wa vinyweleo, fuatisha polima. Mtambo unajengwa mara moja.

---

#17 Mnato_Mzito

Tuichape hiyo, maana ndiyo niliyoisema #1.

Mita moja ya ujazo ya mwamba, uwazi asilimia 25: mwamba mtupu ni 0.75 × tani 2.65, karibu tani 2. Mwamba ukila miligramu 0.3 za safaktanti kwa kila gramu, kiasi ambacho wengi wangekiita kizuri, hizo ni gramu 600 kwa kila robo mita ya ujazo ya vinyweleo. Yaani kilo 2.4 kwa kila mita ya ujazo ya vinyweleo.

Wewe unaweka nini? 0.3 × kilo 5 = kilo 1.5.

Safaktanti yako inaisha ikiwa haijafika theluthi mbili ya safari. Sehemu iliyobaki ya mwamba umeisukumia maji ya polima, kwa bei ya safaktanti.

Ukiwa na alkali na maji laini, ukashusha upotevu mpaka 0.1, mwamba unakula kilo 0.8 na unabaki na akiba ya karibu nusu. Hapo nakuunga mkono. Lakini namba hiyo ya 0.1 itoke kwenye mwamba halisi wa eneo husika, wenye udongo wake wa mfinyanzi. Mchanga safi wa Berea, kipenzi cha maabara, unakula kidogo kuliko miamba mingi ya kweli.

---

#18 Ruvu_Chini

Hesabu imekaa. Basi ongezea: kama mafuta yana asidi, namba ya asidi (miligramu za KOH za kuizima asidi ya gramu moja ya mafuta) juu ya 0.5 hivi, sabuni ya asili inafidia sehemu ya safaktanti. Sijasema kila sehemu, nasema wapime kabla ya kukataa.

---

#19 Mkemia_Ubungo

Wapime, ndiyo. Mirija ya mililita 5 iliyozibwa chini, mililita 2 za maji yenye safaktanti, 2 za mafuta, choma mdomo uzibe. Panga chumvi kwa ngazi, 0.5 mpaka 5 asilimia. Weka tanuri kwenye joto la mwamba, pindua taratibu, usitikise kwa nguvu. Soma siku ya 1, 3, 7, 14, 21.

Chumvi kidogo, safaktanti inakaa na maji. Chumvi nyingi, inahamia mafuta. Katikati kuna tabaka la tatu, na pale ambapo linabeba mafuta na maji sawa ndipo mvutano ni mdogo kabisa. Likibeba ujazo 10 wa mafuta kwa ujazo 1 wa safaktanti, mvutano ni kama 0.003. Tabaka hilo liwe jepesi likipinduliwa. Likiwa zito kama jeli, litaziba mwamba hata kama mvutano ni mzuri ajabu. Ongeza alkoholi kidogo, isobutanoli kwa mfano. Na maji ya safaktanti peke yake, bila mafuta, lazima yabaki angavu kwenye joto hilo. Yakiwa na ukungu, tupa fomula.

Kwa mafuta yenye nta kama ya Albert, kuna mtego wa ziada. Yakipoa yanaganda, na ndiyo maana bomba zima linapashwa moto mpaka zaidi ya nyuzi 50. Dumu la sampuli lipashwe lote nyuzi 60 hadi 70 na kutikiswa kabla ya kuchota, la sivyo nta imebaki chini na wewe unapima mafuta mengine. Usomaji wa mirija ufanyike ndani ya tanuri. Ukiitoa mezani chini ya feni, unasoma nta.

---

#20 Kisima_Kirefu

Nta ina sura nyingine chini ardhini. Maji baridi yakipoza mwamba karibu na kisima, nta inaweza kujitenga hapohapo. Mangala, Rajasthan, India, mafuta yao yana nta na joto la mwamba liko karibu sana na joto ambalo nta inaanza kutoka, kwa hiyo wanasukuma maji ya moto. Baadaye wakaweka polima, kazi ya eneo zima kuanzia katikati ya muongo wa 2010. Ni mfano wa kusoma zaidi ya Daqing kwa mtu anayewaza Afrika Mashariki. Hata Turkana mafuta yana nta.

Na tahadhari juu ya yale maji laini ya ziwa aliyosifu Mkemia #6: maji yenye chumvi kidogo mno yanaweza kuvimbisha udongo wa mfinyanzi na kuziba vinyweleo. Pima kwenye kipande cha mwamba kwanza.

---

#21 Mama_Mazingira

Na maji yanayorudi juu? Kule Albert ni kando ya ziwa na mbuga ya Murchison.

---

#22 Fundi_Pampu

Yanarudi na polima ndani. Polima inashikilia matone madogo ya mafuta, vitenganishi vinachukua muda mrefu zaidi, na haidrosaikloni (vitenganishi vya kuyazungusha maji kwa kasi) zinapoteza makali. Mirija ya kupashia moto inapata ukoko mgumu wa polima na kalsiamu mpaka inapasuka, kwa hiyo shusha joto la uso wa mirija na panga ratiba ya kusafisha. Dawa za kutenganisha mafuta zijaribiwe na maji yenye polima, za zamani mara nyingi zinagoma.

Polima huoza polepole sana, isiachwe iende ziwani wala mtoni. Njia ni kuyasukuma tena ardhini, na inapunguza pia maji mapya unayochota. Kwanza yasafishwe mafuta na tope, na yasichanganyike na oksijeni.

Kujua polima imeanza kurudi: chuja sampuli, weka asidi ya asetiki na sodiamu haipokloraiti, ukungu unaotokea unalinganishwa na viwango ulivyoandaa. Dakika kumi, vifaa vya bei ya chini.

---

#23 Mbishi_wa_Kijiweni

La mwisho kwangu. Gesi yetu ya Songo Songo na Mnazi Bay, hii kitu inaihusu?

---

#24 Mnato_Mzito

Haihusu. Gesi inatoka yenyewe kwa kushusha presha, asilimia 70 au 80 ni kawaida. Ukisukuma maji unainasa gesi nyuma ya maji, unajiharibia.

---

#25 Binti_wa_Mlimani

Unga wa kujifunzia unapatikana wapi hapa mjini? Kuagiza nje nimeona mlolongo wa vibali.

---

#26 Mkemia_Ubungo

Wauzaji wa vifaa vya kuchimba visima vya maji wana polima ya kuchimbia, nyingi ni jamaa ya HPAM. Omba karatasi ya taarifa za bidhaa, usome uzito wa molekuli na kiwango cha uhidrolaizi. Inatosha kujifunzia kuchanganya, kuzimua na kupima mnato. Haitoshi kuandikia ripoti ya mradi, maana haijatengenezwa ipenye mwamba. Kwenye kipimo cha chujio utaona inavyokwama.

Kwa safaktanti hakuna njia ya mkato, ongea na msambazaji akupe sampuli na msimamizi wako wa maabara aanze mapema usajili kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Na ile hesabu ya #17 ifanye kabla hujaagiza, itakuonyesha uombe kilo ngapi.